Ngome ya Kenilworth na Bustani Yake

Katika Uingereza, jimbo la Warwickshire, yako magofu ya ngome iitwayo Kenilworth. Ilianza kujengwa katika miaka ya 1120 na Geoffrey de Clinton, mtumishi wa Mfalme Henry I. Baadaye Mfalme John akaziba vijito kwa boma, maji yakatanda, likawa ziwa kubwa kando ya kuta.

Faida ya ziwa hilo ilionekana mwaka 1266. Wafuasi wa Simon de Montfort, aliyeuawa vitani mwaka uliotangulia, walijifungia humo, na Mfalme Henry III akawazingira. Upande wa maji hakuweza kupenya, ijapokuwa alileta mashua. Walistahimili miezi sita, kisha wakajitoa. Hawakushindwa na silaha, bali na njaa na maradhi.

Hata mwaka 1563 Malkia Elizabeth I akampa Robert Dudley ngome hiyo. Bwana huyu akajenga nyumba ya kumkaribisha Malkia, akatengeneza na bustani chini ya mnara mkuu. Malkia akaja mwezi wa Julai 1575, akakaa siku 19.

Bustani ile ilikuwa ya wakuu tu. Lakini iko barua yenye jina la Robert Langham, bawabu wa chumba cha baraza, nayo yasema kwamba Malkia alipokuwa mawindoni, mtunza bustani alimfungulia mlango. Basi bawabu akatazama yote, akamwandikia rafiki yake: chemchemi ya marumaru nyeupe, tundu kubwa la ndege, maua ya kunukia na matunda matamu.

Baada ya vita vya Mfalme Charles I na Bunge, ngome ilibomolewa, mwaka 1649, na ziwa likakaushwa. Bustani nayo ikatoweka.

Je, msomaji, ni nani aliyeirudisha? Wachimbaji wa mambo ya kale waliufukua msingi wa chemchemi, na mafundi wakaifuata ile barua. Mwaka 2009 bustani ikafunguliwa tena, wala si kwa wakuu peke yao. Leo mgeni akisimama hapo husikia maji yakichuruzika katika marumaru. Akienda upande wa pili wa ngome huona malisho mahali palipokuwa na ziwa.

Tufikiri basi. Utajiri wa Dudley haukuilinda bustani yake, wala kuta hazikuilinda. Iliyoihifadhi ni karatasi ya bawabu, mtu asiyekuwa na cheo kikubwa, aliyeona jambo akaliandika siku zile zile. Nasi walimu tunao wazee wanaojua habari za vijiji vyetu, na kila mwaka twawazika baadhi yao. Watoto wetu wanajua kuandika. Tuwatume kwa wazee na daftari mkononi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.