Ushuru wa Soko Lisilo na Geti

Tezo iko kando ya barabara ya Kilifi kwenda Malindi, na mwenye kuuza maembe pale anajua hesabu yake. Mtu wa kaunti akipita, unalipa ushuru, unapewa risiti, biashara inaendelea. Ila muuzaji huyohuyo akifungua ukurasa wa Facebook auze madera, hakuna anayemdai hata shilingi. Ndio maana wengi tumeamini kwamba kule ni bure. Si bure, na historia yake si ndefu.

Mwaka wa 2009 nyaya za baharini, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, na intaneti ilikuwa ghali. Baada ya hapo bei ikaanza kushuka, na pwani, kama Kenya nzima, watu wengi wakaingia mtandaoni kwa simu, si kwa kompyuta.

Simu hiyo ndiyo iliyomsumbua mwenye soko. Tangu 2007 Facebook ilikuwa na mfumo wa kuwauzia wafanyabiashara matangazo yanayolenga watu kwa umri, mahali na wanachopenda. Lakini ilipouza hisa kwa umma Mei 2012, ilikiri kwamba kwenye simu bado haipati pesa za maana. Mwaka huohuo ikaanza kupenyeza matangazo katikati ya habari za marafiki zako, palepale kidole kinapopita.

Novemba 2014, pamoja na Airtel, ikaleta Internet.org Kenya. Mwenye laini ya Airtel aliweza kuingia Facebook na tovuti chache bila bando. Sisi tuliona zawadi. Kwa mwenye soko, kila mgeni mpya ni jicho jingine la kuuziwa mwenye tangazo.

Na 2014 pia ndipo wenye kurasa walilalamika sana kwamba posti zao haziwafikii wafuasi wao kama zamani. Kampuni ilieleza kwamba posti zimekuwa nyingi mno, haziwezi kuonyeshwa zote. Sawa. Lakini ukitaka ya kwako ionekane zaidi, kuna mlango: lipia. Hebu fikiria dada wa Tezo aliyekusanya wafuasi 3,000 mmoja mmoja, kwa picha na kujibu meseji usiku. Wateja amewaleta yeye, kisha analipishwa ili aongee nao. Huo ndio ushuru, ila risiti yake haisemi ushuru.

Pesa hizo si kidogo. Mwaka wa 2023 Meta, yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, iliingiza takriban dola bilioni 135, zaidi ya asilimia 97 kutoka kwa matangazo. Katika miezi mitatu ya mwisho ya mwaka huo, mtumiaji mmoja wa Facebook wa Marekani na Kanada aliiletea zaidi ya dola 68 kwa wastani. Wa kundi letu, linaloitwa "sehemu nyingine za dunia", hakufikisha dola 6. Jicho ni jicho, lakini bei inafuata mfuko wa mwenye nalo.

Machi 2024, baada ya mazungumzo na Rais Ruto, Meta ikatangaza kwamba Wakenya wanaotengeneza video nao watalipwa. Serikali ilishajipanga: sheria ya fedha ya 2023 iliweka kodi ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya mtandaoni. Kwa hivyo mgao upo, ila wanaofikia masharti ni wachache, na masharti anayaandika mwenye soko.

Hakuna anayesema tufunge kurasa. Wateja wako huko, na kuuza lazima. Lakini mteja akishanunua dera lake, muombe namba, uiandike kwenye daftari. Siku masharti yakibadilika tena, utaweza kumpigia bila kulipia posti.