Kompyuta ya Nyumbani Ikigoma Kuwaka
Mundika, jirani na mpaka wa Busia, mvua za radi huvuruga umeme, na kompyuta ya mezani huweza kuwaka leo, kesho ikagoma. Anza na soketi: chomeka taa. Ikiwaka, jaribu waya mwingine wa kompyuta. Bado? Chomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 30, kisha rudisha.

Ikibaki kimya, shuku pawasaplai. Usiifungue; huhifadhi umeme hata ikichomolewa. Ukinunua ya mtumba yenye swichi nyekundu, iwekwe 230, si 115: umeme wa Kenya ni volti 240.

Siku itakapowaka, kazi ingoje. Nakili kwanza faili zako kwenye flashi. Pawasaplai huuzwa dukani. Picha za marehemu haziuzwi.