Mkarafuu na Bei Yake: Tajiri na Maskini katika Historia ya Pemba

Ardhi ya Pemba ina sura mbili. Magharibi na katikati ya kisiwa kuna vilima na mabonde yenye udongo wa kina. Mashariki na kaskazini, hasa upande wa Micheweni, kuna maweni, ambako jembe halizami ila kidogo kabla ya kugonga jiwe. Zamani tofauti hiyo haikuwa na uzito mkubwa. Mpunga wa mabondeni uliuzwa hadi Mombasa, na Waarabu waliiita Pemba Kisiwa cha Kijani kwa neema yake. Si kwamba watu walikuwa sawa. Magofu ya Pujini yanahusishwa na Mkama Ndume, mtawala ambaye masimulizi yanasema aliwafanya raia wake wabebe mawe ya ngome huku wakijikokota kwa makalio. Lakini nguvu ya mtawala wa namna ile ilikwisha naye. Tofauti iliyodumu ilikuja na mti.

Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku. Ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, akawahimiza wenye mashamba waupande kwa wingi. Pemba ilikuwa imeshatoka mikononi mwa Wamazrui, watawala wa Mombasa, na kuingia katika himaya yake tangu miaka ya 1820, ila kwa muda ilibaki nyuma ya Unguja katika zao hilo. Kilichogeuza mambo ni kimbunga cha Aprili 1872. Kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba karibu salama, na bei ikapanda. Wenye mitaji wakavuka kwenda kupanda Pemba, na tangu hapo kisiwa hicho ndicho kilichotoa karafuu nyingi kuliko mwenzake.

Kazi ya kusafisha vilima, kupanda, kupalilia na kuchuma ilifanywa na watumwa. Mwaka uliofuata kimbunga, 1873, Sultan Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, lakini waliokwisha kufika shambani walibaki shambani. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria tarehe 6 Aprili 1897, na namna ilivyofutwa inaeleza mengi ya yaliyofuata. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake. Akishaupata, ilimlazimu aoneshe mahali anapokaa na njia ya kujipatia riziki, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Bwana alilipwa fidia kwa kumpoteza mtumwa. Mtumwa hakulipwa kitu kwa miaka aliyofanya kazi, wala hakupewa ardhi. Wamisionari wa Kikweka walinunua shamba huko Banani, karibu na Chake Chake, na kuwaajiri watu walioachwa huru. Ilikuwa juhudi njema, lakini shamba moja halikuweza kuwabeba watu wa kisiwa kizima.

Hata hivyo, Pemba haikufanana na Unguja. Mashamba yake mengi yalikuwa madogo, na Wapemba wenyewe walipanda mikarafuu yao. Waarabu wengi waliohamia huko waliishi vijijini, wakaoa huko, na baada ya vizazi viwili vitatu aliyeitwa Mwarabu na aliyeitwa Mpemba waliweza kuwa na shamba la ukubwa uleule na deni la ukubwa uleule. Sheria ya mirathi ya Kiislamu nayo ilifanya kazi yake kimyakimya: shamba la baba liligawanywa kwa watoto na wajane, mara nyingine kwa kuhesabu miti, mpaka mjukuu akabaki na mikarafuu michache tu. Kwa hiyo swali la nani anamiliki mti halitoshi kueleza utajiri na umaskini wa Pemba. Aliyekuwa na mti hakuwa na bei, na hapo ndipo penye kiini cha jambo.

Mkarafuu hauzai kwa kipimo. Mwaka mmoja huelemewa, kisha hupita miaka miwili mitatu ya mavuno haba. Mwenye shamba anahitaji chakula na fedha za kupalilia wakati mti hauna kitu, na msimu ukifika anahitaji fedha taslimu za kuwalipa wachumaji. Fedha hizo alizipata kwa mfanyabiashara, mara nyingi Mhindi, kwa kuweka shamba rehani au kwa kuuza karafuu zikingali mtini. Aliyeuza mapema aliuza kwa bei ya shida. Mfanyabiashara naye alikuwa na mdai wake mjini Unguja au Bombay, hivyo si haki kumfanya yeye peke yake kuwa chanzo cha tatizo. Serikali ya ulinzi wa Kiingereza ilichukua sehemu yake kabla ya wote, kwani ushuru wa karafuu, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 25, ndio uliokuwa nguzo ya hazina.

Chini kabisa ya ngazi hiyo alikuwapo mchumaji. Wengi walitoka maweni, wengine Unguja na bara. Walilipwa kwa pishi ya karafuu mbichi, wakipanda hadi matawi ya juu ambayo huvunjika upesi, huku wanawake na watoto wakichuma matawi ya chini na kuchambua makonyo jioni. Mwaka wa mavuno makubwa wenye mashamba waligombania wachumaji na ujira ukapanda. Mwaka wa mavuno haba, mtu wa maweni alibaki na muhogo wake na bahari.

Katika miaka ya 1930, bei ya dunia ilipoanguka na mashamba mengi yakawa rehani, serikali iliingilia. Sheria za 1934 zilizuia ardhi isihamie kwa wadai, na Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichoanzishwa 1927, kikapewa mamlaka juu ya ununuzi. Wafanyabiashara wa India walijibu kwa kususia karafuu za Zanzibar mwaka 1937, na mapatano yakafikiwa 1938. Mashamba yaliokolewa, lakini mnunuzi mmoja mwenye sheria mkononi akazaliwa.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliahidi kufuta utabaka. Ardhi ilitaifishwa na watu wakagawiwa eka tatu tatu. Unguja, ambako mashamba makubwa yalikuwa mengi, mgawo huo ulibadili maisha ya wengi. Pemba kulikuwa na kidogo zaidi cha kugawa, na baadhi ya walionyang'anywa walikuwa watu wa kawaida. Lililowagusa Wapemba wote lilikuwa bei. Shirika la Biashara la Taifa likawa mnunuzi pekee, na katika miaka ya 1970, Indonesia ilipokuwa ikinunua karafuu kwa bei ya juu kwa ajili ya sigara zake, mkulima alipewa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Mwanzoni mwa muongo huo chakula cha kuagizwa kilibanwa na kisiwa kikaona njaa. Ndipo magunia ya karafuu yalipoanza kuvuka usiku kwa mashua kwenda Mombasa, adhabu kali isiwazuie watu.

Majumba ya ghorofa ya serikali ya mapinduzi yalijengwa Pemba pia, na yapo hadi leo Madungu na Wete. Lakini bandari kuu, wizara na ajira zilikuwa Unguja. Umeme unaonesha pengo hilo wazi: Unguja iliungwa na gridi ya bara mwaka 1980, Pemba ikapata waya wake wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010. Kati ya miaka hiyo miwili Indonesia ilijitosheleza kwa karafuu na bei ikaporomoka. Vijana walikwenda Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Oman. Duka la Mpemba likawa jambo la kawaida Kariakoo, na fedha zake zikajenga nyumba za matofali pale ambapo jirani asiye na ndugu nje alibaki na ya udongo. Ufukweni, wanawake waligeukia mwani, zao ambalo nalo bei yake hupangwa mbali.

Serikali ya Dk. Ali Mohamed Shein, mzaliwa wa Pemba aliyekuwa Rais wa Zanzibar kuanzia 2010 hadi 2020, iliamua mkulima alipwe asilimia 80 ya bei ya dunia, na kilo ya daraja la kwanza ikafika shilingi 14,000. Wenye mikarafuu walipumua. Lakini hesabu za umaskini za 2009/10 na 2014/15 zinaonesha kuwa Zanzibar kwa jumla umaskini ulipungua, huku Pemba ukipanda kutoka asilimia 48 hadi 55 hivi ya watu. Bei nzuri humfikia mwenye mti, katika mwaka ambao mti umezaa. Mtu wa maweni bado huja vilimani msimu ukifika, kuchuma mikarafuu isiyo yake.