Duma wa Nairobi: albamu ya hodi iliyogeuka ya kwaheri



Wiki iliyopita nilikuwa kafe moja hapa Newala mjini nasubiri zamu. Dogo mmoja wa sekondari alikuwa kwenye kompyuta ya pembeni anatafuta picha za duma, yule mnyama, kwa ajili ya kazi aliyopewa shuleni. Kaandika neno moja tu, kabonyeza video ya kwanza iliyomjia, na hedifoni haikuwa imeingia vizuri. Wee! Kafe nzima iligeuka. Mtu anapiga yowe kama anachomwa moto, nyuma yake mapigo yanakimbia kama cherehani iliyopandwa na wazimu. Mama mmoja aliyekuja kuprinti barua akasema, "Hao ndo frimasoni wenyewe." Dogo akafunga ukurasa huku jasho linamtoka.

Nilicheka kwanza, baadaye nikasikitika. Ile ilikuwa bendi ya jirani zetu kabisa, tena bendi ambayo haipo tena, na ukitafuta maelezo yake kwa Kiswahili unatoka kapa. Basi naweka hapa ninayoyajua, ili mwingine akikosea njia kama yule dogo ajue kafika wapi.

Kwanza jina. Duma hapa si mnyama. Wenyewe wanasema limetoka Kikikuyu, maana yake giza. (Wakenya mnaosoma hapa najua mtacheka, maana nduma kwenu ni yale magimbi ya kunywea chai pia. Yote mawili ni sahihi.)

Muziki wao unaitwa graindikoo. Ukitaka kuutafuta kwenye Google andika grindcore. Umezaliwa Uingereza miaka ya 1980, pale vijana wa panki walipoona panki inakwenda polepole mno wakaichanganya na metali. Bendi inayotajwa mwanzo ni Napalm Death, ya maeneo ya Birmingham. Albamu yao ya kwanza, Scum, ilitoka 1987 ikiwa na nyimbo 28 ndani ya dakika kama 33. Kichekesho ni kwamba upande wa kwanza na upande wa pili ulirekodiwa na watu karibu tofauti kabisa. Aliyekuwepo pande zote ni mpiga ngoma Mick Harris, na huyo ndiye anayetajwa kuupa muziki huu jina lake. Humo ndani kuna wimbo unaitwa You Suffer, unadumu sekunde moja na kidogo, na Guinness wameuandika kuwa wimbo mfupi kuliko yote iliyorekodiwa. Yaani ukipiga chafya umeukosa.

Kutoka hapo ukasambaa Ulaya. Ucheki ulipata makazi hasa: tangu 1999 kuna tamasha lao la Obscene Extreme, lililoupa umaarufu mji mdogo wa Trutnov, na mashabiki wengine huja wamevaa mavazi ya vichekesho kama watoto kwenye sikukuu. Huko bendi inaweza kukaa miaka 20 au 30, wapiga gitaa wakaota mvi, halafu siku wakichoka wanatangaza kabisa kwamba hii ndiyo albamu yetu ya mwisho. Mashabiki wanajipanga, wananunua santuri, wanaenda kwenye onyesho la kuaga wanalia, wanarudi nyumbani roho zimetulia.

Duma hawakuipata anasa hiyo.

Walikuwa wawili tu. Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, kazi yake sauti. Sam Karugu, kazi yake gitaa na mitambo. Wote wametokea kwenye metali ya Nairobi, kwenye bendi za Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Na msishangae Nairobi kuwa na metali. Kulikuwa na redio ya roki pale, X FM, na bendi kama Last Year's Tragedy na Parking Lot Grass zilikuwa na watu wao. Nenda mpaka Botswana utakuta majina kama Wrust na Overthrust, na mashabiki wanaovaa ngozi nyeusi kuanzia kofia hadi buti chini ya jua la Kalahari. Sisi hapa na joto la Novemba tungezimia.

Mwaka 2019 jamaa wakapanda Kampala, wakarekodi kwenye studio za Nyege Nyege. Ndiyo, jina ndilo hilo. Kwa Kiganda ni ile hamu ya ghafla ya kucheza; kwa Kiswahili usilitaje mbele ya mama mkwe. Ndio hao hao ambao Septemba 2022 wabunge wa Uganda walitaka tamasha lao lipigwe marufuku kwa ajili ya maadili, mwishowe likaruhusiwa kwa masharti. Albamu ikaitwa Duma, ikatoka Agosti 2020 chini ya lebo yao ya Nyege Nyege Tapes.

Sasa hapa ndipo mambo yanapotuhusu. Lebo hiyo hiyo ndiyo iliyotoa Sounds of Sisso mwaka 2017, mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso kule Mburahati, Dar. Mwaka 2018 ikatoa Tatizo Pesa ya Jay Mitta na Poaa ya Bamba Pana. Singeli inapiga mapigo 200 mpaka 300 kwa dakika, na hakuna mpiga ngoma aliyekaa pale, ni kompyuta. Duma nao hawakuwa na mpiga ngoma, mapigo yao yametoka mashineni vilevile. Kwa hiyo mtu anayecheza singeli kwenye kigodoro mpaka alfajiri, halafu ananiambia Duma wanakwenda kasi mno, huyo ana lake jambo. Tofauti ninayoiona mimi ni hii: MC wa singeli anakuchekesha, Lord Spikeheart anakutisha.

Na kutisha nako ni sanaa, sisi wa huku tunalijua hilo kuliko wengi. Vijana wanapotoka jandoni midimu inatoka, mtu kavaa kinyago, watoto wanatimua mbio, akina mama wanapiga vigelegele. Wachongaji wetu je? Mtindo wa mashetani, unaotajwa kuanzishwa na Samaki Likankoa miaka ya 1950, umejaza maduka kuanzia Mwenge mpaka Nairobi. Hakuna anayemwita mchonga mashetani frimasoni. Anaitwa msanii, na mzungu anamlipa. Huyu wa yowe kosa lake nini? Ila sitawatetea kwa kila kitu. Kuna wimbo humo umepewa jina Pembe 666, na mimi naona jina hilo ni uchokozi wa kitoto, unampa yule mama wa kafe sababu ya bure.

Turudi kwenye kwaheri. Albamu inatoka Agosti 2020, corona imefunga kumbi dunia nzima. Waandishi wa muziki wa Ulaya na Marekani wakaisifu ile mbaya, lakini pa kuipiga hapakuwepo. Milango ilipofunguliwa walizunguka majukwaa ya Ulaya. Albamu kamili ya pili haikuja. Ilipofika 2024, Lord Spikeheart alipotoka kivyake, alikuwa anatambulishwa kama mtu aliyekuwa Duma. Basi. Ile albamu ya kupiga hodi ndiyo hiyo hiyo ikawa ya kuaga, na wakati wanairekodi walikuwa ndiyo kwanza wanaanza.

Ukiisikiliza ukiwa unajua hilo, inabadilika. Kuna wimbo unaitwa Uganda with Sam, yaani Uganda nikiwa na Sam. Mara ya kwanza nilidhani ni utani tu wa marafiki walio safarini. Siku hizi nikiuona kwenye orodha nausoma kama yale maandishi ya kalamu nyuma ya picha ya zamani: mwaka fulani, mahali fulani, mimi na fulani.

Marehemu baba yangu alikuwa akinisimulia bendi za dansi za huku kusini alizozicheza ujanani, nani alipuliza tarumbeta, nani alivunja gitaa Masasi kwa hasira ya mapenzi. Sijawahi kuona hata kanda moja ya bendi hizo. Nimeuliza wazee, nimeuliza waliokuwa wanarekodi kanda stendi, hakuna kitu. Zilikufa bila kuaga na bila kuacha sauti. Ndiyo maana mimi nawasamehe Duma kelele zote zile. Wao walikaa muda mfupi, ila sauti ipo, na mtoto wa Newala anaweza kuigonga kwa bahati mbaya akitafuta picha ya mnyama.

Kwa wanaotaka kuendelea: Lord Spikeheart alimsindikiza Mjapani Scotch Rolex kwenye albamu ya Tewari ya 2021, wimbo unaitwa Success. Kisha Aprili 2024 akatoa albamu yake mwenyewe, The Adept, chini ya lebo aliyoianzisha, Haekalu Records. Hiyo ameitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyefikia cheo cha Fildi Marshali kwenye Mau Mau. Bibi huyo alipigana msituni mpaka uhuru unakuja, akafuga zile nywele zake za msituni kwa miaka karibu 60 baada ya hapo, akazikata Aprili 2022, akafariki Septemba 2023. Lord Spikeheart ni kitukuu wake. Nilipojua hilo nikarudia kulisikiliza lile yowe kuanzia mwanzo, na safari hii sikutaka kupunguza sauti.

Albamu ya Duma ipo Bandcamp, unasikiliza kwanza kabla hujatoa hela. Msianze na Pembe 666, anzeni na Lionsblood. Na mkiwa kafe, hakikisheni hedifoni imeingia mpaka mwisho.