Kombe (katika taaluma ya visukuku)

kombe nm [li-/ya-], wingi *makombe*

Maana
1. Mnyama wa majini mwenye mwili laini na magamba mawili yaliyounganishwa kwa bawaba. Pia gamba lake.
2. Mfupa bapa wa bega.
3. Kikombe kikubwa, tuzo ya mashindano.

Utata wa matumizi
Maana ya 1 na ya 2 hugongana mahali ambapo mwamba una mifupa na magamba pamoja. Huko Tendaguru, mkoani Lindi, ambako wataalamu kutoka Ujerumani walichimbua mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, matabaka yenye mifupa yamepishana na matabaka ya bahari. Mawili kati ya hayo ya bahari yaliitwa kwa majina ya *Trigonia*, ambaye ni kombe. Jingine kwa jina la konokono wa bahari. “Kipande cha kombe” kutoka huko huweza kuwa gamba au mfupa. Mfasiri na aandike *kipande cha gamba la kombe* au *kipande cha mfupa wa bega*, kwa kadiri ya kilichomo katika sampuli.

Dalili za gamba
Kipande cha gamba huonyesha mistari ya ukuaji iliyopindana kufuata ukingo, na pengine meno ya bawaba au kovu la msuli. Kikivunjika, huonekana matabaka membamba. Mfupa, ukitazamwa kwa kioo cha kukuzia, huwa na vitundu kama sifongo. Tindikali hafifu hutoa povu juu ya gamba la chokaa. Lakini mwamba wenye chokaa nao hutoa povu, hivyo dalili hiyo haitoshi peke yake.

Tofautisha na
- *chaza*: aina mojawapo ya kombe. Kila chaza ni kombe, si kila kombe ni chaza.
- *konokono*: huwa na gamba moja, aghalabu lililojiviringisha.
- *brakiopodi*: ana magamba mawili, lakini si kombe. Kila gamba lake hugawanyika katikati kuwa nusu mbili zinazofanana. Kwa makombe mengi, kinachofanana ni gamba la kushoto na la kulia.
- *chapa*: alama iliyobaki mwambani baada ya gamba lenyewe kuyeyuka. Nayo ni kisukuku, ila si gamba.

Mfano
*Sampuli ina vipande vitatu vya gamba la kombe na chapa moja ya konokono.*