Waridi la Naivasha na gharama ya maji

Kila Februari, Siku ya Wapendanao inapokaribia, ndege za mizigo huondoka Nairobi zikiwa zimesheheni mawaridi yaliyokatwa kandokando ya Ziwa Naivasha, nchini Kenya. Ulaya, waridi jekundu ni tamko la mapenzi. Katika pwani ya Kenya heshima hiyo ni ya asumini: maua yake huchumwa jioni, hutungwa, humpamba bibi harusi usiku huo na kunyauka papo hapo nyumbani.

Waridi husafiri, gharama yake haisafiri. Mashamba huvuta maji ya ziwa na ya visima, na mbolea isipodhibitiwa hurudi ziwani humo wanamotegemea wavuvi. Tangu 1995 ziwa hilo limo katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu.

Lawama kwa ndege, hata hivyo, zimetiwa chumvi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Cranfield, Uingereza, wa 2007 ulikadiria kuwa mawaridi 12,000 ya Kenya, pamoja na safari yake, yalizalisha takriban tani 6 za hewa ya ukaa. Ya Uholanzi, yanayokuzwa katika nyumba za vioo zinazopashwa joto, tani 35.

Hiyo ni hesabu ya hewa. Ya maji huonekana kiangazi, wafugaji wa Kimaasai wanapotafuta njia ya kufikisha mifugo ziwani katikati ya nyua za mashamba.