Kura Nyingi, Viti Vichache: Habari za Uchaguzi wa Unguja na Pemba

Neno kura twalisoma katika Matendo ya Mitume, pale Mathiya alipowekwa mahali pa Yuda. Tena twalisoma katika habari za askari waliogawana mavazi ya Bwana. Katika habari hizo mbili kura ni jambo lililotolewa mikononi mwa watu. Kura ya uchaguzi ni namna nyingine: kila mtu huitia sandukuni mwenyewe, kisha zote huhesabiwa, na mwenye nyingi ndiye ashindaye. Hivyo ndivyo tuwafundishavyo watoto shuleni. Ni kweli, lakini si kweli yote, na watu wa Unguja na Pemba walilijua jambo hilo kwa uchungu mwingi kati ya mwaka wa 1957 na mwaka wa 1964.

Siku hizo visiwa hivyo vilikuwa na Sultani wake chini ya ulinzi wa Waingereza, na watu wake walikuwa wapata 300,000 tu. Walio wengi walikuwa Washirazi, wenyeji wa visiwa, pamoja na wabara waliovuka bahari kutafuta kazi bandarini na katika mashamba ya karafuu. Miongoni mwa wabara hao walikuwamo Wanyamwezi na Wasukuma, basi sisi wa Bariadi tusidhani kuwa habari hii ni ya watu wa mbali. Waarabu walikuwa wachache, lakini mengi ya mashamba makubwa yalikuwa mikononi mwao.

Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957. Viti vilivyogombewa vilikuwa 6 tu katika Baraza la Kutunga Sheria, na waliopiga kura walikuwa wanaume peke yao, tena wenye umri wa miaka 25 au zaidi. Katika jimbo la Ng'ambo, ambako ndiko walikokaa watu wanyonge wa mjini, Abeid Karume, aliyekuwa baharia zamani, alipata kura 3,328, na Ali Muhsin, kiongozi wa chama kilichoitwa Hizbu, alipata 918. Hizbu hawakupata hata kiti kimoja. Chama cha Karume, ambacho baadaye kiliitwa Afro-Shirazi, kilitoka na nguvu nyingi.

Hapo ndipo maisha ya vijijini yalipoharibika, nasi twataka kukaa kidogo juu ya jambo hili, kwa kuwa vitabu vingi hulipita upesi kwenda kwenye hesabu. Wenye mashamba waliwafukuza baadhi ya wakulima waliokaa katika ardhi yao, kwa sababu ya chama walichokipenda. Wakulima nao na wenzao wakaacha kununua katika maduka ya Waarabu. Watu wakaulizana chama kabla ya kupanda gari moja. Hata misiba ikagawanyika, jirani asiende kumzika jirani aliyekuwa wa chama kingine, ijapokuwa wote walikuwa Waislamu na walisali msikiti mmoja tangu utoto wao. Hapa Usukumani twajua ni aibu ya namna gani mtu asipoonekana msibani kwa jirani yake. Wanasiasa waliwahutubia watu juu ya mambo makubwa, utumwa wa zamani kwa upande mmoja, na wageni wa bara kwa upande wa pili. Lakini kazi ya maneno yale ilionekana makaburini na dukani.

Hata ulipofika Januari 1961 majimbo yalikuwa 22. Afro-Shirazi walipata viti 10, Hizbu 9, na chama cha tatu, ZPPP, chake Mohammed Shamte, kilichokuwa na nguvu Pemba, kilipata 3. Katika jimbo la Chake Chake mshindi alimpita mwenzake kwa kura moja tu. Msomaji na afikiri: mtu mmoja angaliugua homa asubuhi ile, hesabu ya nchi nzima ingaligeuka. Wale watatu wa ZPPP nao wakagawanyika, wawili wakaenda kwa Hizbu na mmoja kwa Afro-Shirazi, ikawa 11 kwa 11. Serikali haikuweza kusimama. Ikalazimu kuongeza kiti kimoja huko Pemba na kuwaita watu wapige kura tena tarehe 1 Juni 1961. Siku hiyo watu walishtakiana vituoni kwamba wako wapigao kura mara mbili. Ugomvi ukaanza mjini, ukafika mashambani, na kabla haujatulizwa watu 68 walikuwa wameuawa, walio wengi Waarabu. Hizbu na ZPPP walipata viti 13 kwa pamoja, Afro-Shirazi 10.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wa Julai 1963, ule ulioamua ni nani watakaopokea uhuru. Watu wazima wote, wanaume kwa wanawake, waliruhusiwa kuchagua, na viti vilikuwa 31. Afro-Shirazi walipata kura 87,085. Hizbu walipata 47,950 na ZPPP 25,609, yaani 73,559 kwa vyama viwili vilivyoungana. Basi Afro-Shirazi waliwapita wenzao wote kwa kura 13,526. Lakini viti walivyopata ni 13, na wale wawili walipata 18.

Yawezekanaje? Na tufanye hesabu ndogo ya nyumbani. Tuseme Dutwa, Nkololo na Sapiwi ni majimbo matatu, kila moja lina watu 100 wa kupiga kura, navyo vyama ni viwili, cha Mtama na cha Pamba. Dutwa Mtama wapata kura 90, Pamba 10. Nkololo Mtama wapata 45, Pamba 55. Na Sapiwi vivyo hivyo. Ukijumlisha, Mtama wana kura 180 na Pamba 120. Lakini Mtama wana kiti kimoja, na Pamba wana viti viwili. Hakuna aliyeiba. Kura za Mtama zimerundikana Dutwa, mahali zisipohitajiwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa Afro-Shirazi: walishinda kwa wingi mno katika sehemu nyingi za Unguja, nao wapinzani wao, waliokuwa wamegawana majimbo ili wasishindane wenyewe kwa wenyewe, walishinda mengine kwa kura chache.

Shamte akawa Waziri Mkuu, ingawa chama chake ndicho kilichokuwa kidogo kuliko vyote. Bendera ya uhuru ilipandishwa tarehe 10 Desemba 1963, Sultani akiwa Jamshid bin Abdullah. Kwa sheria Serikali ile ilikuwa halali kabisa, nasi hatuoni njia ya kulikana hilo. Lakini serikali iliyojua kuwa zaidi ya nusu ya wapiga kura hawakuitaka ilipaswa kwenda polepole. Yenyewe ilikwenda mbio: iliwaondoa askari polisi wengi wa bara, na mwanzoni mwa Januari 1964 ilikipiga marufuku chama cha Umma cha Abdulrahman Babu. Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yakatokea. Sultani alikimbia kwa meli, na damu iliyomwagika katika siku zile, hasa ya Waarabu, ilikuwa nyingi kupita ile ya Juni 1961 mara nyingi sana. Karume akawa Rais. Na tarehe 26 Aprili nchi ile ya visiwa, iliyokuwa imejitawala miezi minne na nusu tu, iliungana na Tanganyika.

Watu wa visiwani hawakuchagua wajumbe wao tena mpaka mwaka wa 1980, na ushindani wa vyama ulirudi mwaka wa 1995. Hapo hesabu ikawa nyembamba tena: Salmin Amour wa CCM kura 165,271, Seif Sharif Hamad wa CUF kura 163,706. Miaka 15 ya ugomvi ilifuata. Ndipo tarehe 31 Julai 2010 watu walipoulizwa kama wataka chama cha pili kiingie serikalini pamoja na cha kwanza, na 66 katika kila 100 wakajibu ndiyo. Seif akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Uchaguzi wa mwaka wa 2015 ulifutwa, ule wa kurudia wa mwaka wa 2016 ukasusiwa na CUF, na ushirika ukakoma hata Desemba 2020, Seif alipoapishwa mara ya pili. Hakukaa sana katika kazi hiyo. Alifariki Februari 2021, akazikwa kwao Mtambwe, Pemba.